Siku Niliyoipaka Bastola Rangi ya Kucha

Mkasa huu nilikuwa nimeamua kunyamaza nao, na ningenyamaza kweli, kama si Abdi, jirani yangu wa dukani, ambaye alikuwepo siku hiyo akaona yote na sasa anausimulia kila ghorofa ya jengo letu huku akiongeza chumvi. Basi afadhali muusikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Wengi mnanijua kama mama wa vyombo vya plastiki, duka Eastleigh, nyumba Umoja, lakini hamkujua kwamba nina bastola. Ninayo, ya halali, na cheti chake. Nilipewa baada ya majambazi kunifuata mara mbili kutoka dukani hadi mlangoni pangu, na mara ya pili wakampiga mume wangu, Baba Nafula, kwa nondo hata akalazwa. Ni ile fupi ya silinda, ya risasi sita, na kila siku ya kazi naivaa kiunoni ndani ya mfuko wake wa ngozi, chini ya koti. Sasa shida ya kuvaa chuma kiunoni ni jasho. Jasho na kule kusuguana na ngozi huila ile rangi nyeusi ambayo chuma hupakwa kiwandani kukizuia kutu, na yangu ilikuwa imechubuka mdomoni, kwenye silinda na chini ya mpini, na kila palipochubuka pakaota vidoa vya kutu, rangi ya chai kavu.

Sisi wenye silaha tuna siku yetu ya kuzipeleka kituoni zikaguliwe. Mwaka uliotangulia Sajini Mutiso, mkaguzi, aliigeuzageuza yangu halafu akaniuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, hii ni silaha ama ni sufuria ya ugali?" Wanaume wakacheka (na kwenye foleni ile mwanamke nilikuwa peke yangu, kumbukeni hilo). Kile kicheko kilinikaa rohoni mwaka mzima. Kwa hiyo safari hii, siku tatu kabla ya ukaguzi, nikampelekea fundi wa silaha mjini, mwenye kibali, akasema sawa, lakini nimwachie wiki mbili, aifungue yote, atoe kutu na kuipaka upya inavyotakiwa.

"Wiki mbili? Na Jumatatu nitakagulisha nini?"

"Nenda nayo hivyo hivyo, mama. Ipake mafuta kidogo. Hakuna mtu hufungwa kwa sababu ya kuchubuka."

Mtu mwenye akili angetulia hapo.

Jumapili alasiri, tumetoka kanisani, Baba Nafula amekaa sebuleni na redio yake, nikajifungia chumbani. Nikatoa risasi zote sita nikaziweka kwenye kikombe, nikaifuta bastola kwa kitambaa, na nilipoinua macho nikaona kwenye meza ya kioo chupa ya rangi ya kucha ya binti yetu Nafula, nyeusi tii. Nikasema moyoni, nyeusi ni nyeusi. Nikapaka mdomo, ikakaa vizuri. Nikapaka silinda, ikakaa vizuri zaidi. Nikaongeza mkono wa pili, na wa tatu, nikateremka hadi chini ya mpini, pale ambapo kutu ilikuwa mbaya kuliko kwingine, na nikawa najisifu kabisa, najiambia kesho Mutiso atatafuta la kusema akose.

Mara nasikia sauti za akina mama wa kanisa mlangoni, wamekuja kumsalimu Baba Nafula. Nikashtuka. Nikagusa rangi kwa kidole, haikunata, nikaona imekauka. (Rangi ya kucha hukauka juu tu, ndani bado ni uji, na mimi nimepaka kucha tangu ujana, kwa hiyo sina hata kisingizio cha kutojua.) Kwa haraka nikarudisha risasi kama mkono ulivyozoea, nikafunga silinda, nikaisukuma bastola ndani ya mfuko, nikaufungia kwenye sefu na kwenda kuchemsha chai.

Asubuhi nikajifunga mkanda na mfuko wake bila kuichungulia, nikakatiza sokoni moja kwa moja hadi kituoni. Utaratibu ni kwamba kila mtu anasimama mbele ya pipa la mchanga, anatoa silaha polepole, mdomo umeelekea mchangani, anafungua silinda, anatoa risasi, ndipo anaikabidhi. Pembeni walikuwa wamesimama askari wawili vijana wenye bunduki. Nyuma yangu alikuwa Abdi, naye ana silaha yake, na suti ya kijivu ambayo huivaa siku za maana tu.

"Haya mama, toa," akasema Sajini Mutiso.

Nikashika mpini, nikavuta. Haikuja. Nikavuta tena, haikuja.

"Kuna shida?"

"Hapana afande, imekwama kidogo tu."

Hapo ningesema ukweli, ningesema tu nilipaka rangi, mambo yangeishia hapo kwa kicheko. Lakini nilikuwa nimekuja kuwaonyesha, si kuchekwa, basi nikaishika kwa mikono miwili, nikakunja uso, nikavuta kwa nguvu zangu zote, na mkanda ukazunguka pamoja na mfuko na bastola ndani yake, mdomo ukatoka kwenye pipa ukaelekea tumbo la Sajini Mutiso.

"Wacha! Wacha hiyo! Mikono juu!"

Nikasikia bunduki mbili zikikokiwa. Mimi sikuwahi kuisikia sauti ile ikiwa imenilenga; mikono ikapanda juu yenyewe. Foleni ilitawanyika nyuma ya ukuta. Abdi, ambaye tumekunywa naye chai miaka kumi na mmoja, alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi na suti yake, anasema kwa sauti, "Wallahi huyu mama mimi simjui!"

Mutiso hakuwa anacheka. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Ina risasi?"

"Sita," nikasema, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine.

Akaitwa askari wa kike, Konstebo Atieno, akanijia kwa ubavuni, taratibu, akaanza kunifungua mkanda. Sasa ile sketi yangu ya kijivu ni pana kiunoni, mkanda ndio huishikilia, na mkanda ulipoondoka sketi nayo ikaondoka. Nikasimama uani mwa kituo na gaguro jeupe, mikono juu, mbele ya wanaume wote waliokuwa wanachungulia ukutani.

"Usishushe mikono, mama," Atieno akaninong'oneza. "Tafadhali usishushe."

Sikushusha.

Mutiso akaupeleka mfuko kwenye pipa, akaupasua ngozi kwa kisu, akaibandua vipande vipande, na nyuzinyuzi za ngozi zikabaki zimeganda kwenye chuma kama manyoya. Akasukuma silinda ifunguke. Haikufunguka. Risasi sita zilikuwa ndani, na rangi ilikuwa imeingia kwenye nafasi ile ndogo ya pembeni ikaibana kama gundi. Akainusa.

"Hii ni nini?"

"Rangi."

"Rangi gani?"

"Ya kucha, afande."

Akaiinamisha kidogo kwenye jua, ndipo mimi mwenyewe nikaona kumbe ile chupa ya Nafula ilikuwa na vimetameta. Bastola nzima ilikuwa inang'aa kama gauni la bibi harusi. Nilitamani mtu acheke. Hakuna aliyecheka, maana Mutiso alikuwa ameigeuza anatazama chini ya mpini.

"Nambari iko wapi?"

Nikainua shingo nitazame naye.

"Mama, nakuuliza tena. Nambari ya silaha iko wapi? Unajua kuifuta ni kosa la kupelekwa kortini?"

Nambari ilikuwa palepale nilipopaka mikono mitatu. Nikaanza kulia. Atieno akaniruhusu kushusha mikono, akanisaidia kupandisha sketi, halafu akaenda ofisini akarudi na pochi yake, akatoa pamba na chupa ndogo ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Akamtazama Mutiso. Mutiso akaichukua.

Kwanza alishughulikia silinda, tone kwa tone, mdomo mchangani, wote tumekaa mbali. Ilichukua muda ambao mimi niliuona kama siku nzima. Ikafanya tak, ikafunguka, risasi zikadondoka mchangani moja moja akizihesabu kwa sauti. Ndipo akahamia kwenye mpini, anafuta na kusoma, huku Atieno ameshika cheti changu. Tarakimu zikaja moja moja, zote sawa, hadi ya mwisho.

"Sifuri," akasema Mutiso.

"Cheti kinasema nane," akasema Atieno.

Kutu ilikuwa imekula katikati. Mutiso akafuta tena, akaisogeza jichoni, akawasha taa ya simu, na mimi nikashika ukuta.

"Nane," akasema mwishowe. "Ni nane. Mwambie mama akae chini kabla hajaanguka."

Silaha ikabaki kituoni, na haikurudi kwangu hadi fundi mwenye kibali alipoifungua yote na kuandika barua kwamba ni salama. Nami niliandika maelezo kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba niliipaka silaha rangi ya kucha kwa hiari yangu, bila kushawishiwa na mtu. Yamo kwenye faili mpaka leo.

Jioni nilimsimulia Baba Nafula, na nilipofika kwenye sketi nilimpa nafasi ya kucheka. Hakucheka. Akazima redio, akauliza, "Akina mama walipokuwa hapa sebuleni, ilikuwa na risasi ndani na haifunguki?"

"Ndiyo."

"Na leo asubuhi ulipita nayo hivyo sokoni kote? Katikati ya watu?"

Aibu ya gaguro ilikwisha wiki ileile, hata Abdi nilimsamehe, lakini swali hilo halijakwisha. Siku hizi bastola ikichubuka naiacha ichubuke hadi fundi apate nafasi, na Mutiso akitaka kuiita sufuria, na aiite.