Kitenzi Nilichomfundisha Mama

Mikono ya mama ilinuka dawa ya kung'arishia shuka, na harufu hiyo ndiyo iliyotangulia kuingia chumbani kwetu Kisauni kila alasiri. Alikuwa mjane, akisafisha vyumba katika hoteli moja kule Nyali. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, wageni wa Kihispania walianza kumiminika. Meneja akatangaza kuwa wasafishaji watapunguzwa, ila atakayeweza kuzungumza na wageni hao atahamishiwa mapokezi. Mama hakujua kusoma. Mimi, binti wa miaka kumi na mmoja, nilijua. Akaniletea kitabu cha kujifunzia Kihispania alichoachiwa na mgeni, akasema, "Nisomee, mwanangu. Nitashika kwa sikio."

Wiki tatu tulisoma, yeye akipepeta mchele, mimi nikitamka. Vitenzi vya Kihispania vilinipa kiburi: ukijua mkia wa kimoja, nilidhani, umejua vyote. "Vivir" ni kuishi, "vivo" ni ninaishi. Basi tulipofika "ir", yaani kwenda, sikuhangaika kutafuta. Nikajitungia: "iro", ninakwenda. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini mimi ningemuuliza nani? Mama akaikariri iro yake hata kwenye foleni ya maji.

Asubuhi ya usaili, alipokwisha kuondoka, nilifunua kitabu kwa kujifurahisha tu. Nikakuta ukurasa wa vitenzi vikaidi, visivyofuata kanuni, na "ir" ilikuwa humo: voy, vas, va. Iro haikuwepo popote. Nikatoka mbio na sare ya shule, viatu mkononi, hadi langoni mwa hoteli.

"Shikamoo. Namtaka mama yangu, Bi Zuhura. Wallahi ni neno moja tu," nilimwambia bawabu huku nikitweta.

Mama alitoka uso umesawijika, akidhani kuna msiba. "Kuna nini?"

"Si iro, mama. Ni voi. Nilikufundisha vibaya."

"Voi? Kama Voi mjini?"

"Ndiyo. Ninakwenda, voi."

Akafumba macho, midomo ikicheza. "Haya, nenda shule," akasema, akarudi ndani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitesa mchana kutwa. Darasani sikusikia kitu.

Alasiri alinieleza kwamba mengine mengi aliyakosea, ila alipoulizwa anakwenda wapi, alijibu sawasawa. Walimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Akakaa mapokezi miaka kumi na tisa.

Leo binti yangu hujifunza lugha kwenye simu. Akikosea, simu hulia, naye hucheka na kujaribu tena. Namwonea wivu. Kosa langu mimi lilitoka nyumbani asubuhi, likiwa kinywani mwa mama.