Mama Alisema Tunasali, Video Ikasema Tunaombaomba

Admin, jina langu libaki kwako, maana huku Kamina, Kongo, tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitatu, marehemu baba alikuwa mtu wa reli. Naandika hapa nikiwa na hasira.

Enzi za Zaire, treni zilipoacha kupita, alikuja mwandishi mmoja Mzungu na kamera. Mkalimani wake alikuwa mke wa askari wa kambini, mtu wa Lingala, Kiswahili alikiokota sokoni akiuza samaki. Mwandishi akamuuliza mama tunaishije. Mama, na kitenge chake cha kanisani, alisimama wima akajibu, "Kila asubui tunalombaka na batoto, njo tunaenda ku mashamba."

Kwetu kulomba ni kusali: tunasali na watoto, ndipo tunaenda mashambani. Ni kuomba kitu pia, sikatai, lakini nani amsikie mama wa kanisa akisema vile asimwelewe? Yule mke wa askari alijua kulomba kwa wateja wake tu, wale wa kulomba nyongeza ya samaki.

Mwezi huu yule mwandishi, sasa mzee, ameweka video za safari yake mtandaoni. Binti yangu ndiye aliyeiona. Maneno ya mashamba wameyakata. Mama anasema "tunalombaka na batoto", na chini pameandikwa kwa Kifaransa, kama alivyotafsiri yule mke wa askari, kwamba kila asubuhi tunakwenda kuombaomba na watoto. Watu wanalia na kusambaza. Mama yangu huyu, aliyetulisha mihogo ya jembe lake mwenyewe, hajawahi kumnyooshea mtu mkono!

Nilimwandikia yule bwana nikamfafanulia neno lenyewe. Akanijibu kwamba ananishukuru kwa hisia zangu, na kwamba picha ile imegusa dunia. Imegusa dunia, anasema. Nilitaka kuibamiza simu ukutani.

Sasa binti yangu, kwa furaha zake, alishamwambia bibi yake kwamba yumo kwenye simu kabla hajasoma yale maandishi. Tangu juzi mama hanipi nafasi ya kupumua. "Mutoto, nionyeshe. Siku ile miye nilisema muzuri." Ameshawaalika mama wenzake wa kanisa waje kuangalia Jumapili. Na Kifaransa anasoma vizuri kuliko sisi wote.

Ndugu zangu, nimwonyeshe asome alivyoitwa ombaomba, au nimdanganye kwamba imefutwa? Niambieni, Jumapili inafika.