Barakoa za Kuchujia Vanishi

Kila alipoinama kupiga randa, fundi seremala aliona mashavu na paji la uso vinataka kupasuka. Miaka yote alimeza vidonge vya maumivu ya kichwa kama njugu na kumlaumu mkewe kwa makelele. Mkewe ndiye aliyemburuta hospitali.

"Vumbi la mbao limekuvimbisha ndani ya pua, mpaka mifuko ya hewa ya usoni imejaa usaha," daktari alisema. "Kunywa dawa hii, na barakoa hizi usizivue kazini."

Sikio la kufa halisikii dawa. Baada ya mwezi alilala kitandani akiugulia kichwa kilekile.

"Barakoa ziko wapi?" mkewe aliuliza.

"Nimechujia vanishi. Wateja hawataki kuona hata chembe ya vumbi kwenye kabati zao."

"Hongera, baba watoto. Kabati zao zinang'aa, vumbi lao umelihifadhi wewe kichwani."