Mtoto Aliyefuta Majibu Sahihi

Niliporudi Wete na shahada yangu na kukosa kazi, ukoo mzima uliamua kwamba mimi sasa ni mwalimu. Mwenyewe sikuulizwa. Mama mdogo alikuja kutoka Ole na binti yake wa darasa la tano, akamsimamisha mbele yangu kama mtu anayerudisha dukani redio isiyosema.

"Mjinga wetu ndiye huyu," akasema. "Kichwa hana. Hebu mtazame."

Baada ya maneno hayo matamu ya kumtia mtoto moyo, akashangaa kwa nini mtoto hasemi.

Likizo ile mtoto akabaki kwetu. Huyo asiye na kichwa alikuwa amehifadhi juzuu amma nzima ya Kurani chuoni, labda kwa magoti. Hesabu nazo alizijua. Nilimwona akiandika jibu, sahihi kabisa, kisha akanitazama usoni, akalifuta. Akaandika jingine, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka.

"Mbona umefuta?"

"Nimekosea."

"Umejuaje?"

Akafikiri kidogo. "Mimi hukosea, dada."

Nikamnyang'anya raba. Huo ndio utaalamu wote niliotoka nao chuo kikuu. Alilia hadi alasiri, na kesho yake akaandika tarakimu ndogo kama sisimizi, labda nisizione. Lakini hakufuta. Taratibu sisimizi wakanenepa.

Mama mdogo akaja kukagua wakati tumeanika karafuu uani. Hata chai hajanywa, akaanza.

"Haya, saba mara nane?"

"Hamsini na sita," mtoto akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

"Hamsini na nne! Si nilisema mimi?"

Mtoto akainamisha kichwa. Maneno yalinijaa mdomoni, nikayameza. Sijawahi kufanya mtihani mgumu kama ule. Nikamwuliza tu mtoto, "Na wewe unasemaje?"

Akachuchumaa kando ya jamvi, akapanga karafuu nane nane, mafungu saba, akazihesabu kwa sauti mpaka hamsini na sita. Safari hii sauti haikuomba radhi. Mama mdogo akahesabu upya mwenyewe, akinitupia jicho, asije akawa amepata mpwa anayeongeza karafuu kwa siri.

"Karafuu zenu hizi," akasema hatimaye, "zina fujo."

Skuli zilipofunguliwa wakapewa mtihani; mtoto hakuwa wa kwanza, wala wa pili. Alifaulu vizuri, katikati ya wenzake. Ole nzima ikaarifiwa kwamba akili ile kairithi kwa mama yake, na mimi nikashukuriwa kwa kumpa mahali pa kulala.

Mwezi uliofuata mama mdogo akanipigia simu, amekasirika.

"Umeniharibia mwanangu! Mwalimu wake kaniita. Eti kila swali anainua mkono, wenzake hawapati nafasi."

Nikampa pole, kwa uzito wote wa msiba wenyewe.