Unga Mweusi Uliorudi Chupani

Kazi yangu ya kwanza Stockholm ilikuwa kuosha vyombo, lakini si vya chakula. Ilikuwa maabara ndogo upande wa Sundbyberg, inayopima fueli ya vinu vya nyuklia. Vichupa vya plastiki nilivisuuza kwa tindikali, kisha kwa maji safi mara tatu, kwa sababu pale wanatafuta metali kidogo mno zilizojificha ndani ya urani: chuma, zinki, kadimi. Hata jasho la kidole lingeweza kuharibu kipimo. Nilikuwa kwenye praktik, yaani kazi ya majaribio, na ilikuwa iishe Ijumaa. Wakiridhika nami, wangeniongezea muda.

Niliipenda kazi hiyo kwa kuwa haikutaka maneno mengi. Mimi ni mtu wa haya. Shule niliishia darasa la saba, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na mpaka leo naandika kama mtu anayeshona kwa mkono.

Kitu kilicholindwa kuliko vyote mle ndani kilikuwa chupa ndogo ya unga mweusi. Nao ulikuwa urani, lakini uliokwisha kupimwa na wengine, na cheti chake kilitaja kiasi cha kila metali iliyomo. Kila asubuhi mpimaji wetu, mama wa Kiswidi mwenye miwani machoni na nyingine kichwani, aliupima unga huo kwanza. Mashine ikitoa namba za cheti, aliiamini kwa sampuli za wateja. Isipotoa, hakuna sampuli inayopita siku hiyo.

Jumatatu unga kidogo ulimmwagikia kando ya mizani, na papo hapo akaitwa kwenye simu.

"Safisha hapo," aliniambia akiondoka.

Nikavaa glavu, nikaufagia kwa brashi ndogo hadi kwenye kikaratasi. Haukuzidi chumvi unayoshika kwa vidole viwili. Chupa ilikuwa wazi pembeni. Nikaumimina ndani, nikafunga. Sikufikiri. Kambini, mama alipopimiwa unga wa mgao, uliomwagika aliukung'uta ukarudi guniani, na aliyeuacha chini alionekana hana adabu.

Jumanne chuma kilizidi. Zinki nayo ikazidi. Mpimaji akarudia, mambo yakawa yale yale. Akabadilisha tindikali, akafungua mashine, akaanza kutoa mirija mmoja mmoja. Sampuli za wateja zikabaki kwenye trei. Jumatano asubuhi alikuwa bado kapiga magoti mbele ya mashine, nami ndipo nikaikumbuka ile brashi, ambayo hufagia kila uchafu wa meza ile.

Nilimweleza kaka mmoja Mrundi anayepokea mizigo, kwa sababu naye tuliongea Kiswahili. Kwanza alicheka.

"Wakongo nyie! Hata urani mnaikung'uta kama unga wa ugali?"

"Kaka, usinicheke."

"Haya, basi. Sikiliza, mdogo wangu. Ijumaa ni keshokutwa. Chupa haisemi, na mashine imezoea kusingiziwa."

"Na yule mama anayeifungua bure?"

"Si ndiyo kazi yake?" Alinitazama, akashusha sauti. "Kama huwezi kunyamaza, nikuandikie mimi. Kwa Kiswidi chako utamaliza Krismasi."

"Nitaandika mwenyewe."

Ukutani kulikuwa na fomu za kuripoti makosa. Nilichukua moja nikaenda nayo chumba cha kulia. Saa mbili nzima zilinipa sentensi tatu: nilifagia unga, niliurudisha chupani, sikujua kuwa hairuhusiwi. Hiyo ya mwisho niliisoma mara nyingi. Ilinifaa, lakini haikuwa kweli. Siku ya kwanza kabisa mpimaji alinionyesha ndoo ya njano ya taka, akasema kinachotoka kwenye chupa hakirudi. Alisema haraka. Mimi niliitikia kwa kichwa, kama ninavyoitikia katika kila ofisi ya nchi hii, ili mtu asikae kunisubiri. Nikaikata sentensi hiyo. Nikaandika: "Niliambiwa. Sikuelewa, na sikuuliza."

Waswidi huitana kwa jina tu, hata mkubwa. Mimi nilishindwa, hivyo nilisimama nyuma ya mpimaji mpaka akageuka. Aliisoma fomu akiwa bado sakafuni.

"Siku mbili," alisema. "Siku mbili nang'oa mirija."

"Ndiyo."

"Mbona jana hukuniambia?"

"Jana sikuwa nimeikumbuka brashi. Nimeikumbuka leo asubuhi, nikaogopa."

Hakunifariji wala hakunigombeza. Alibandika karatasi nyekundu kwenye chupa ili isitumike tena, akatoa nyingine kabatini. Alisema ndiyo ya mwisho mpaka waagize.

Alhamisi chupa mpya ilitoa namba za cheti. Ijumaa mpimaji aliniita. Miezi mitatu zaidi, alisema, lakini mizani sitaigusa mpaka yeye mwenyewe aniruhusu. Nilikubali. Kisha akaanza kunieleza utaratibu wa taka, haraka kama kawaida yake, na kichwa changu kikaanza kuitikia chenyewe.

Nikakizuia. "Sijaelewa," nilisema. "Rudia polepole."

Akarudia. Neno moja bado lilinipita, nikamwuliza na hilo.