Bahasha ya Bosi Fredrick

Ndani ya miaka mitano Eliakunda aliwaaga mabosi watatu na kumpokea wa nne, na kila aliyeondoka alimtolea sadaka ya shukrani kanisani kwa jina lake. Wenzake walimcheka sana. "Huyu amekaa miezi minne tu, unamshukuria nini?" Naye aliwajibu kwamba hata miezi minne si haba, wapo waliokaa miaka kumi na hawakumsalimia mtu.

Ofisi yenyewe usiione kubwa. Vyumba vinne nyuma ya soko la Same, na kibao kirefu kuliko mlango: Kituo cha Kanda cha Ulinzi wa Mifumo. Kazi yao ilikuwa kulinda kompyuta za zahanati arobaini na moja, za mlimani na za tambarare, wadukuzi wasiingie wakavuruga kumbukumbu za wagonjwa. Sasa wadukuzi nao walikuwa wamechachamaa. Leo wamevamia ofisi hii, kesho ile, na kila palipovamiwa bosi aliondolewa, akatafutwa wa kuziba nafasi, na huyo wa kuziba alitolewa wapi kama si Same? Ndiyo maana ukishazoea kwamba bosi wako anakunywa chai bila sukari, barua imeshafika, anatakiwa Dodoma.

Bosi wa kwanza, mzee Ebenezer, ndiye aliyemwajiri Eliakunda kuwa mhudumu: kufagia, kupika chai, kupeleka barua. Mwanamke wa Bombo, mjane, aliyeshuka mlimani na binti mmoja, Agape, na ofisi nzima ikamwita Mama Agape. Wa pili, Muhidin, ndiye huyo wa miezi minne. Huyo alimwachia vicheko tu, maana alikuwa na maneno, na vicheko navyo ni vitu vya kushukuru.

Wa tatu akawa Fredrick. Kijana wa miaka thelathini na minane, mwembamba, mwendo wa haraka kama anayewahi basi. Juma lake la pili alimkuta Eliakunda anafuta vumbi kwenye kompyuta huku midomo inachezacheza.

"Mama Agape, unasoma hayo maandishi?"

"Nasoma, bosi. Yanasema nafasi imejaa. Yamesema hivyo tangu Jumatatu ya juzi."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hakuna aliyeniuliza?"

Fredrick alicheka mpaka akakaa chini. Kesho yake akaleta kiti, akakiweka mbele ya ile kompyuta, akasema hiki ni cha Mama Agape na asikikalie mtu. Akawa anamfundisha kila saa ya chakula, yeye mwenyewe, sahani mkononi. Kisha akamwandikia barua akaenda kusoma Moshi miezi sita, na akiwa na miaka hamsini kamili Eliakunda akapewa cheo cha msaidizi wa TEHAMA. Alipompigia mama yake simu Bombo kumweleza, bibi wa watu aliuliza TEHAMA ni ugonjwa gani na kama una dawa. Jamani, siku ile Eliakunda alicheka na kulia kwa pamoja, na hakuisahau.

Basi barua ya Fredrick nayo ikafika. Jumatatu wakamuaga kwa makande na soda, wakapiga picha, na picha zikarushwa kwenye ukurasa wa ofisi mtandaoni pamoja na jina la bosi mpya, Faustina, kwamba wote wanamsubiri kwa furaha. Kabla ya kuondoka, Fredrick aliandika paswedi yake kuu kwenye karatasi, ile inayofungua seva ya zahanati zote, akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi na kupiga mhuri juu ya mdomo wa bahasha.

"Faustina anaripoti Jumatano. Mpe mkononi, Mama Agape. Mkononi."

Chumbani walikuwa wawili tu.

Jumanne saa tatu asubuhi simu ya ofisi ikalia. Sauti ya kike, laini, yenye adabu zake. Akasema yeye ndiye Faustina, bosi mpya, yuko njiani, basi limeharibika Mombo, na wakubwa wanataka taarifa kabla ya saa nne. "Nasikia makande yenu jana yalikuwa matamu, Mama Agape. Fredrick amenisifia wewe. Ameniambia bahasha ya kunikabidhi iko kwako." Kumbe Fredrick hakumwambia mtu. Makande yalikuwa pichani, jina la Mama Agape lilikuwa chini ya picha, na habari ya bahasha mtu alibahatisha tu, kwa kuwa kila ofisi inayobadili bosi ina kitu cha kukabidhi. Lakini nani angewaza hayo, mgeni wako amekwama njiani anahangaika? Eliakunda alimwonea huruma. Aliichana bahasha kwa kidole, akasoma herufi moja moja, na nyingine akairudia ili mgeni asikosee.

Haikupita robo saa, simu ikalia tena. Sauti nzito, ya kukwaruza, ya mtu mwenye mafua.

"Habari za kazi? Naitwa Faustina, naripoti hapo kesho. Samahani, nilitaka kuuliza kama kuna nyumba ya kupanga karibu na ofisi."

Eliakunda akakumbuka ile sauti laini. Hezroni, fundi wa nyaya, mtu wa Kihurio na mwenzake wa tangu enzi za Ebenezer, alimwona uso umebadilika. Akaiona na ile bahasha iliyochanika mezani, karatasi ya paswedi kando yake, akaelewa. Hezroni si mtu mbaya, tuelewane. Aliweka kiganja juu ya simu, akanong'ona, "Usiseme kitu. Paswedi ni ya Fredrick, na Fredrick keshaondoka. Mwache abebe yeye." Ndivyo walivyoishi pale. Printa ilipoungua, kosa la Ebenezer. Nyaya zilipokatika, kosa la Muhidin. Aliyehama hana mdomo, na aliyebaki hana kosa.

"Haloo? Mama, upo?" ikauliza ile sauti.

Eliakunda aliutoa mkono wa Hezroni. "Bosi, nimefanya jambo baya sasa hivi," akasema, akaeleza lote bila kupumua.

Faustina hakupiga kelele hata kidogo. Alisema neno moja: chomoa. Eliakunda na Hezroni wakakimbia kwenye chumba cha seva, wakang'oa nyaya kama watu wanaong'oa magugu. Siku mbili zilizofuata wauguzi waliandika kwenye madaftari, na seva ilipokaguliwa ikaonekana wadukuzi walishafunga kumbukumbu za zahanati mbili. Thelathini na tisa zilikuwa salama. Watoto na chanjo zao, wenye kifua kikuu na tarehe zao za dawa, wote walikuwepo. Muuguzi wa Bombo alipiga simu kushukuru, na Eliakunda kwa aibu akampa Hezroni simu.

Ungedhani yameisha. Thubutu! Paswedi iliyotumika ilikuwa ya Fredrick, kwa hiyo huko Dodoma walimsimamisha kazi siku ileile, kabla hajakionja hata kiti kipya, mpaka tume ije Same kuchunguza. Na tume ilichukua wiki tatu kufika.

Katika wiki hizo Hezroni alipata jambo jipya la kumwambia. "Sikiliza. Kuwa uliisoma kwenye simu, wanajua. Swali litakuwa bahasha. Kama ilikuwa imefungwa, kosa ni lako, umechana kitu cha serikali, kazi huna. Kama aliiacha wazi, kosa ni lake, kaacha siri ya serikali kama karanga za sokoni. Na nani alikuwepo? Wewe na yeye. Watu wanatusema sisi Wapare tunauza ng'ombe kwa kesi ya kuku. Hii wala huuzi kitu, Mama Agape. Unashinda ukiwa umekaa."

Ukweli ni kwamba Eliakunda alilifikiria, na zaidi ya mara moja. Agape alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi. Yeye mwenyewe ana miaka hamsini na miwili, nani atampa kazi tena, na ya kompyuta? Angerudi Bombo kulima, na kulima si aibu, ila alikipenda kile kiti. Alikipenda, basi. Asubuhi alikuwa akikikalia anamshukuru Mungu kwanza ndipo anawasha mashine, na sasa kila akishukuru alimwona Fredrick na sahani yake mkononi, anamwonyesha wapi pa kubonyeza.

Tume ilikuwa ya watu watatu. Faustina alikaa pembeni, mafua yake bado hayajaisha. Mwenyekiti, mwanamume mnene mwenye miwani, aliuliza mengi kwa sauti ya kuchoka, kisha akafika pale pale alipotabiri Hezroni.

"Ulipoipokea bahasha, ilikuwa imefungwa au ilikuwa wazi?"

Hezroni, aliyeitwa kama shahidi, aliangalia dari.

"Ilifungwa," Eliakunda alisema. "Kwa gundi, na mhuri juu yake. Aliniambia nimpe bosi mpya mkononi. Niliichana mimi, kwa kidole hiki."

Mwenyekiti aliweka kalamu chini. Akavua miwani.

"Mama, miaka saba nachunguza mambo haya. Kila ofisi ninayokwenda naambiwa mkosaji alihama. Wewe ndiye mkosaji wa kwanza kumkuta ofisini."

Faustina naye akaomba kusema. Akasema yule mtu aliyekuwa kwenye simu alihitaji nusu saa tu kumaliza zahanati zote, na kwamba kama mama huyu angenyamaza hata kwa kujifikiria, leo wasingekuwa na kitu cha kuchunguza. Wakamtoa Eliakunda nje. Wakamrudisha. Onyo kali la maandishi, anaendelea na kazi, na kuanzia siku ile hakuna tena paswedi ya kuandikwa kwenye karatasi. Kuhusu Fredrick, maelezo ya mama yametosha, anarudi kazini Jumatatu.

Eliakunda alishukuru mara tatu, mwenyekiti akamwambia inatosha. Alitoka uani na kumpigia Fredrick, na kwa haraka akakosea namba mara ya kwanza.

"Bosi, ni mimi. Nimewaambia ilifungwa. Jina lako safi, unarudi kazini Jumatatu."

Upande wa pili zilisikika honi za mabasi.

"Mbona kelele, uko wapi?"

"Stendi," Fredrick akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wiki tatu navaa shati asubuhi, namuaga mke wangu, nakuja kukaa hapa mpaka saa kumi. Hajui kama nilisimamishwa. Nilishindwa kumwambia kwamba wamenidhania mwizi."

Eliakunda alifunga macho.

"Nenda nyumbani, baba. Sasa hivi."

"Saa tano hii? Atashtuka."

"Mwache ashtuke. Nenda kamwambie yote."

Akamsikia anacheka, kisha hacheki tena, kisha anapenga kamasi. "Asante, Mama Agape," akasema. "Ni mimi wa kukushukuru wewe," Eliakunda alimjibu, na hakukata simu mpaka aliposikia kijana wa watu anaita bodaboda na kumtajia mtaa wa kwake.