Paa Lililochelewesha Muswada

Tangu alizeti ilipovunwa hadi upepo wa kiangazi ulipoanza kutupofusha kwa vumbi, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba muswada wa bima ya afya umekwama Dodoma kwa sababu ya kijiji chetu. Nasema kijiji chetu peke yake, kile kilichoko nyuma ya Kinampanda, ambacho hata mvua ikitaka kufika lazima iulize njia.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Wabunge wamekubaliana kwamba sheria ya bima haiwezi kupita mpaka kila zahanati ya nchi hii iwe na paa. Kwa hiyo kamati imepewa ndege, inazunguka kuhesabu paa. Wamehesabu kutoka Kagera mpaka Mtwara, zote zimetimia. Ndege ikifika juu ya Iramba, rubani anapunguza mwendo, anasema, "Waheshimiwa, lile pale bado." Basi wanarudi vichwa chini, Spika anaahirisha, na taifa zima linaendelea kuumwa bila bima.

Aliyeniambia ni dereva wa bodaboda niliyekutana naye mnadani. Yeye aliambiwa na mchuuzi wa vitunguu, aliyepeleka mzigo Dodoma na kula wali meza moja na mtu aliyevaa suti. Ungetaka ushahidi gani tena?

Usinidhanie kuwa mimi ni mjinga wa hivi hivi. Nina cheti cha kidato cha nne. Nilikipata kwa masomo ya jioni, ndevu zimeshakomaa, nimekaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yakiwa sawa na masikio. Somo la Uraia nilipata C, na ile C niliizungusha kijijini kama ng'ombe wa mahari, kila mtu aione ilivyonona. Tangu hapo jina langu likawa Msomi. Wapo waliolitamka kwa heshima na wapo waliolitamka huku wakitazamana, ila mimi niliitikia wote kwa sauti moja.

Paa lililokuwa linazungumzwa nililijua vizuri, kwa kuwa halikuwepo. Tulikuwa na boma la zahanati. Wenzangu wa vijijini mnaelewa: wananchi mnajitolea, mnafyatua tofali, mnachoma, mnachota maji, mnapandisha kuta mpaka juu ya linta, halafu mnamsubiri mwenye Serikali aje aezeke. Sisi tulipandisha. Mimi mwenyewe nilifyatua tofali zinazotosha kujenga ukuta wa kuzunguka mkoa wa Singida, ingawa mke wangu anasema zilikuwa chache na nusu yake zilipasuka tanuruni. Kisha tukasubiri. Mbuzi wakahamia. Katika chumba tulichokiandika mlangoni kwa mkaa WAZAZI, mbuzi walizaa kwa raha zao.

Wanadamu ndio walikuwa hawana pa kuzalia. Ikifika masika, korongo lililo kati yetu na barabara ya Kiomboi linajaa, na likijaa halina adabu. Mtoto wetu wa pili alizaliwa ukingoni mwa korongo hilo, upande wa huku usio na nesi, kwenye kanga na koti langu la mvua, bodaboda ikiunguruma pembeni kama mpiga ngoma aliyelipwa nusu. Mama yake alipoteza damu nyingi. Sehemu hiyo siwezi kuitia chumvi. Na sasa alikuwa na mimba ya tatu, na kwa hesabu za mama mkwe mtoto angefika pamoja na maji ya korongo.

"Baba watoto," aliniambia jioni moja akichambua mlenda, "mwaka huu sizalii porini. Paa lile liwepo, au mniezekee chumba kile hata kwa turubai."

"Mke wangu," nikamjibu, "suala hilo liko Bungeni. Tukiezeka tu, muswada unapita nchi nzima, na wewe unazaa ukiwa na bima."

Alinitazama kama mtu anayetazama maziwa yaliyoganda. Akaendelea na mlenda wake.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji alipoitisha mkutano na kutangaza kwamba kamati ya Bunge, ile inayokagua matumizi ya Serikali, inapita wilayani, na katika miradi watakayoitembelea na zahanati yetu imo. Wengine walishangaa. Mimi nilisimama nikiwa nimekunja mikono kifuani, nikitikisa kichwa kama mganga ambaye ugonjwa umekuja kama alivyotabiri.

"Ndege imechoka," nikasema. "Sasa wanakuja kwa miguu."

Nikawaeleza habari yote, na hakuna aliyecheka. Huo ndio ubaya wa cheti.

Sasa lazima ujue desturi yetu ya wageni, maana bila hiyo utatuona wendawazimu. Kwetu mgeni haonyeshwi upungufu. Wakija wakwe, vikombe vya udongo wa Kichina vinapitia mlango wa nyuma kutoka kwa jirani wa kulia, godoro linatoka kwa jirani wa kushoto, na makochi yanatoka kwa mama mwenye mashine ya kukamua alizeti. Makochi yale yameingia nyumba nyingi kuliko mchungaji na shehe ukiwajumlisha. Mgeni anakaa, anasifia, anaondoka. Makochi yanarudi kwao kwa mkokoteni. Mgeni naye anajua, kwa kuwa kwake ni hivyo hivyo. Kusema wazi kwamba "hatuna" mbele ya mgeni ni kama kuinua shuka aone miguu yako.

Kwa hiyo mkutano haukujadili kama tuazime. Ulijadili tuazime wapi.

Mwenye makochi ndiye pia aliyekuwa na mabati. Alikuwa ameyanunua kwa ajili ya ghala jipya la mashudu, yamelala uani kwake yaking'aa. Tulimfuata wajumbe watatu, mimi msemaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnataka makochi?"

"Safari hii mabati, mama. Kwa faida ya taifa."

Alicheka mpaka akaegemea mashine. "Msomi, nikuazime mabati uezeke zahanati kwa siku moja? Na upepo huu wa Singida?"

"Ni siku moja tu inayohesabiwa, mama. Wakishaiona imeezekwa, muswada unapita."

Alinipima kwa macho. Naye alikuwa na mabinti wanaozaa. "Haya, chukueni. Lakini jua lisizame hayajarudi, na tundu la msumari nisilione hata moja."

Kauli hiyo ya msumari ndiyo iliyotuletea utaalamu. Tuliweka miti juu ya kuta, tukapanga mabati, tukayakandamiza kwa mawe na kuyafunga kamba za katani. Mbuzi tukawahamisha kwa nguvu. Kuta tukazipaka chokaa upande wa mbele, kule ambako mgeni angetokea. Upande wa nyuma tuliuachia Mungu na shemeji yangu. Shemeji ni mtu wa kilo nyingi na maneno machache. Tulimpandisha alale kifudifudi kwenye mteremko wa nyuma wa paa, ashike kamba upepo usije ukatuaibisha.

"Nikipiga chafya?" aliuliza.

"Shemeji, chafya ya kwako inaweza kusubiri. Bunge haliwezi."

Magari yalifika adhuhuri yakiwa yamebadilika rangi kwa vumbi. Kina mama wakapiga vigelegele. Wakashuka waheshimiwa, maofisa, watu wa kushika kalamu na mpiga picha. Kiongozi wa msafara alikuwa mbunge wa makamo, mama mfupi aliyevaa raba chini ya gauni zuri, na kwa raba zile ningepaswa kujua kwamba huyu hakuja kutazama kwa mbali. Alisimama mbele ya zahanati. Akatazama paa. Akatazama karatasi yake. Akatazama paa tena.

"Hii ndiyo yenyewe?" akamuuliza ofisa mmoja wa wilaya. Ofisa akawa na hamu ya ghafla ya kutazama viatu vyake.

"Limeezekwa lini?" akauliza kwa sauti.

Mwenyekiti akanisukuma mbele. Nilikuwa nimeiandaa hotuba yangu kwa siku kadhaa, nikiisomea ng'ombe, nao walikuwa wameipokea vizuri.

"Mheshimiwa," nikaanza, "kwa unyenyekevu mkubwa, na kwa niaba ya wananchi wa kijiji hiki, napenda kuliarifu Bunge lako tukufu kwamba kikwazo kimeondoka. Paa lipo. Kama halikuonekana kutoka angani, sasa lionekane kutoka ardhini. Tunaomba radhi kwa watu wote wa nchi hii tuliowachelewesha. Muswada sasa uendelee. Naomba kutoa hoja!"

Mwenyekiti wa kijiji, ambaye naye ni msikilizaji wa redio, akasimama kwa nguvu: "Naafiki!" Na watu wakapiga makofi kwa mkupuo, vizuri kabisa.

Mbunge hakupiga. Alikuwa ananitazama akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza injini yenye mlio usioeleweka. "Huduma zimeanza?" akauliza.

Swali hilo halikuwa kwenye hotuba. "Zimeanza, mheshimiwa," nikasema, kwa maana mgeni haonyeshwi upungufu.

Akageukia kina mama. Kati ya wanawake wote waliokuwa pale, macho yake yakaangukia tumbo kubwa kuliko yote, na tumbo hilo lilikuwa la mke wangu.

"Mama, hujambo? Kliniki unahudhuria hapa?"

Mke wangu alinitazama kwanza. Niliinua nyusi kumwomba. Niliziinua mpaka nikafikiri zimetokea kisogoni. Najua alivyolelewa. Najua kwao walivyokuwa wakali kwa desturi ya wageni kuliko hata kwetu. Alishika kiuno.

"Sijambo, mheshimiwa. Hapa hapana kliniki. Mabati hayo ni ya yule mama pale, jioni yanarudi kwake. Ndani kulikuwa na mbuzi mpaka juzi. Mimi kliniki naenda Kiomboi, na mvua ikianza siwezi kuvuka. Mtoto wangu aliyetangulia nilimzaa njiani, nusura nife. Mume wangu hapo si mwongo, mheshimiwa. Anakupokea tu."

Mama mwenye mabati akainamisha kichwa. Halafu, kutoka juu, nyuma ya paa, ikasikika sauti nzito:

"Ni kweli anavyosema dada. Na mimi mkono umekufa ganzi."

Msafara mzima ukainua macho. Kichwa cha shemeji kikachomoza juu ya mgongo wa paa, kimejaa chokaa kama mzimu wa kuigiza. Upepo, kama uliokuwa unasubiri ruhusa, ukanyanyua bati moja, jiwe likabingirika, watu wakatawanyika. Shemeji aliyedaka bati lile kwa mguu anastahili nishani, na nimemwahidi nikipata madaraka.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Iramba ni ngumu, haikunijali. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kurudi nyuma hatua kwa hatua, na makofi yale yote yaliyoniunga mkono sikuyaona tena yalikokwenda.

Mbunge yule hakufoka. Alimwambia mpiga picha, "Subiri kwanza." Akawaomba vijana washushe mabati yote polepole, wayapange, yasikwaruzike. Mama mwenye mabati akasimamia kila bati likishuka. Kuta zikabaki wazi, jua likiingia mpaka chumba cha WAZAZI. "Sasa piga," akasema. Akaingia mwenyewe kila chumba na zile raba zake, akakanyaga mavi ya mbuzi bila kuruka. Akamketisha mke wangu kwenye kochi la kuazima tulilomwekea yeye, akazungumza naye kwa muda mrefu kuhusu korongo, na mtu wa kalamu akawa anaandika. Yule ofisa wa viatu akaitwa pembeni, akaulizwa maswali ambayo sikuyasikia, ila niliona jasho lake.

Kisha akaniita mimi. Nikaenda nikiwa nimevua kofia, ingawa sikuwa nimevaa kofia. Mkono ulikwenda kichwani wenyewe.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Nani alikwambia muswada unasubiri paa lenu?"

Nikamweleza: mnadani, bodaboda, vitunguu, suti, ndege. Kadiri nilivyoendelea, ndege ile ilizidi kuwa ndogo, mpaka nilipofika kwa rubani niliona aibu nikamruka.

Hakucheka, na ningeshukuru kama angecheka.

"Nisikilize, mdogo wangu," akasema. "Muswada umechelewa kwa sababu Serikali haijatueleza vizuri pesa za kuuendesha zitatoka wapi, na sisi hatujaridhika. Hakuna mtu Dodoma aliyewahi kuhesabu paa. Lakini pesa ya paa hili tuliipitisha katika bajeti, na kwenye taarifa tuliyoletewa imeandikwa kwamba imetumika na mmeshaezeka. Tumekuja kuona kama ni kweli. Kama mkeo angenyamaza, ningeondoka hapa nimeandika kwamba ni kweli, na asingekuja mtu mwingine kuuliza."